Saa Nane na Nusu Iliyokuja Mara Mbili

Wiki jana niliishia mlangoni kwa Gun-Britt, kofia mkononi, naomba nisifukuzwe.

Kama hukusoma, si neno, kisa ni kifupi. Naitwa Conny. Natunza jengo la familia arobaini na nane hapa Eskilstuna, Sweden. Nyumba ninayolala ni ya kazi, kwa hiyo kazi ikienda na kitanda kinakwenda. Chini ya ngazi kuna kompyuta inayogawa zamu za chumba cha kufulia na kumtumia kila mtu ujumbe wa simu, na anayeipa amri ni mimi.

Machi, usiku wa kusogeza saa mbele, kompyuta haikugawa zamu hata moja. Mlango, usiofunguka bila zamu, ulikaa umefungwa siku tatu. Watu wazima, wenye pensheni zao, walifua soksi kwenye masinki ya jikoni.

Gun-Britt ndiye mwenyekiti wa bodi ya jengo letu. Amefundisha hesabu miaka thelathini na nane na bado anakutazama kama mtu aliyesahau daftari nyumbani.

"Oktoba saa zinarudi nyuma," aliniambia. "Jumapili hiyo nitapita mwenyewe. Nikikuta karatasi moja tu ya malalamiko mlangoni pa kufulia, tarehe mosi Novemba kampuni ya Stockholm inachukua kazi hii."

"Karatasi moja?"

"Moja, Conny. Najua kuhesabu."

Ili uelewe uzito wa karatasi moja, lazima ujue watu wangu. Huku kwetu mtu hamwambii jirani usoni kwamba ameacha nyuzi kwenye chujio la mashine. Anarudi nyumbani, anaandika karatasi, anaibandika mlangoni, haweki jina. Mke anaweza kukuacha bila neno, lakini ukichelewa dakika tano kuondoa mashuka yako, utasoma habari zako kwa herufi kubwa.

Sasa nikiri nilichomficha Gun-Britt tangu Machi.

Nilimwambia mashine ina hitilafu. Haikuwa nayo. Mimi ndiye niliyeiagiza igawe zamu saa nane na nusu usiku wa kuamkia kila Jumapili, kwa sababu saa hiyo hakuna mtu anayefua. Lakini usiku ule wa Machi saa huruka. Ikifika saa nane, inakuwa saa tisa papo hapo. Saa nane na nusu haikuwapo kabisa. Kompyuta iliisubiri kwa utii, haikuja, basi ikakaa.

Mtu mwenye akili angeihamishia kazi ile saa sita mchana, akamaliza. Mimi nilikataa. Kuihamisha kungekuwa kukiri kwamba nilikosea saa, na nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba kosa ni la mashine. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na sita, nikaenda kiwandani kunoa visu. Shule iliniita mjinga mara moja; ya pili sikuitaka.

Kwa hiyo nikaongeza bima. Kwenye kompyuta yangu amri ni mstari mmoja: unaanza na dakika, halafu saa, halafu siku, halafu kazi yenyewe. Nikaandika mstari wa pili: dakika ya kumi na tano, saa tisa, Jumapili za kubadili saa tu, gawa zamu. Nilijiambia hivi: saa nane na nusu ikikosekana, saa tisa na robo itashika.

Nilijipongeza. Nilinunua hata keki.

Kilichonipita ni kwamba Oktoba mambo huenda kinyume. Saa ikifika tisa, inarudishwa nane, na ile saa nzima inaanza upya. Saa nane na nusu hiyo hiyo inakuja mara ya pili. Kompyuta yangu, yenye utii wake, iligawa zamu ilipokuja mara ya kwanza. Ikagawa tena ilipokuja mara ya pili. Kisha ikafika saa tisa na robo, ikakuta bima yangu, ikagawa mara ya tatu.

Na kila ilipogawa ilichukua watu wapya kutoka kwenye foleni na kuwapa zamu zile zile.

Nililala fofofo.

Niliamshwa na vishindo saa moja kasoro asubuhi. Chumba cha kufulia kiko chini ya kitanda changu. Nilisikia mlango, kapu likawekwa sakafuni, mlango tena, kapu tena. Nikasema hayo ni makapu mawili. Kisha la tatu.

Nilishuka na fulana ya kulalia.

Jumapili tuna zamu moja tu, saa moja hadi saa tano. Mle ndani walisimama watu watatu, kila mmoja na simu yake mkononi. Walikuwa wanatazamana kama watu waliokwama kwenye lifti.

Wa kwanza alikuwa Lövgren wa ghorofa ya pili, mjane, dereva wa treni aliyestaafu, ambaye hupanga soksi zake kwa umri. Wa pili Marjatta, Mfini, ambaye katika miaka kumi nimemsikia akisema sentensi kama nane. Wa tatu Yodit, muuguzi, mama wa mapacha, aliyekuja kutoka Eritrea miaka kumi na miwili iliyopita na sasa anaandika karatasi kali kuliko sisi tuliozaliwa hapa.

"Conny," alisema Lövgren, "nina ujumbe. Zamu ni yangu."

"Na mimi ninao," alisema Yodit. "Soma hapa. Jumapili, saa moja. Jina la nani hilo? La mama yako?"

Marjatta aliinua simu yake tu.

Nikasoma zote tatu. Nilielewa palepale nilichofanya, na nikaelewa kwamba haikuwa zamu hiyo tu. Wiki nzima ilikuwa imegawiwa mara tatu. Lakini nyingine zilianza Jumatatu, na Jumatatu ningeweza kuwapigia simu mmoja mmoja. Shida ilikuwa hawa watatu, kwa sababu Gun-Britt angepita leo.

"Ni jambo dogo," nilisema.

"Dogo?" Yodit aliweka kapu chini. "Nina sare sita za kazi hapa, na shuka walizotapikia mapacha wawili. Unataka nikuonyeshe udogo wake?"

"Hapana."

"Basi nipe kalamu."

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu kweli. Kando ya mlango kuna rafu ndogo, na juu yake bunda la karatasi, kalamu imefungwa kwa uzi, na selotepu. Mimi mwenyewe ndiye huziweka. Lövgren alikuwa amekwisha kuinyooshea mkono kalamu.

Nikaruka. Nikakata uzi kwa meno, nikatia kalamu mfukoni mwa fulana, nikakumbatia karatasi na selotepu kifuani.

"Vimekwisha," nilisema.

"Umevishika," alisema Lövgren.

"Vinakwenda kufanyiwa usafi."

"Karatasi zinasafishwa?"

"Kanuni mpya."

Walinitazama. Kisha Lövgren, mtu ambaye hajamlalamikia mtu usoni tangu azaliwe, akageuka kwa Yodit, akakohoa, akasema, "Basi itabidi... tuzungumze?"

"Sasa hivi?" aliuliza Yodit. "Hivi hivi?"

"Sijui watu huanzaje," alisema Lövgren.

Marjatta ndiye aliyeanza. "Mashine ziko tatu," alisema. "Sisi watatu."

Sentensi ya tisa na ya kumi. Nilitaka kumbusu.

Kumbe hesabu ilikuwa rahisi kiasi hicho. Kila mmoja mashine moja. Lövgren alipinga kidogo kwa sababu yeye hutumia ya kwanza kwa nyeupe, ya pili kwa rangi, na ya tatu huiacha wazi, kwa usalama.

"Usalama wa nini?" aliuliza Yodit.

"Wa kuwa nayo."

"Mzee, nguo zako zote zinaingia kwenye mfuko wa mkate. Toa kapu lako hapo."

Na Lövgren akatoa. Akacheka, tena kwa sauti. Mimi nilisimama kwenye kona na karatasi zangu kifuani, nasubiri damu, damu haikuja. Saa mbili Marjatta alipanda kwake akarudi na mkate wa iliki uliosukwa na chupa ya kahawa. Yodit alinusa ule mkate, akafumba macho, akasema mama yake hutia iliki kiasi hicho hicho, na wengine wote wa mji huu ni wachoyo.

"Wasweden huogopa iliki," alisema Marjatta.

"Tunaiheshimu," alisema Lövgren, mdomo umejaa.

Ilipofika saa tatu walikuwa wanakunja mashuka wawili wawili. Lövgren alikuwa anamfundisha Yodit jinsi ya kutoa nyuzi kwenye chujio kwa mkupuo mmoja, na Yodit alikuwa anamfundisha kwamba soksi nyeusi ni nyeusi, basi, haina mwaka. Nilianza kupumua. Mlango haukuwa na karatasi. Zilibaki saa mbili tu.

Nikawaacha, nikapanda na karatasi zangu, nikavaa suruali na kuihamishia kalamu mfukoni mwake. Hapo dirishani ndipo nilipomwona Gun-Britt anavuka ua. Saa nne kasoro dakika saba. Koti lake jekundu, mkoba wake wa ngozi, mwendo wa mtu aliyekuja kusahihisha mtihani.

Nilifikiri mlango uko salama. Kisha nikaukumbuka mstari wa bima: huo ndio ushahidi. Akitaka kuangalia kompyuta atauona, na jina langu ubavuni.

Nilikimbia chini ya ngazi. Miwani nilikuwa nimeiacha kitandani. Nikafungua, nikatafuta mstari wa pili, nikabonyeza kufuta, kufuta, kufuta, nikahifadhi, nikafunga. Sikuangalia mara mbili. Nikatoka nikiwa nafunga mkanda, tukakutana mlangoni pa chumba cha kufulia.

"Habari za asubuhi, Conny."

"Nzuri sana, Gun-Britt. Kimya kabisa. Tazama, mlango..."

Nikautazama mlango.

Palikuwa na karatasi.

Haikuwa karatasi hasa. Kilikuwa kipande cha boksi la sabuni ya unga, kimebandikwa kwa plasta ya kidonda yenye picha za dubu, na kimeandikwa kwa rangi ya mdomo. Maandishi yalikuwa makubwa na mekundu. Yalisema: TUNAMSHUKURU CONNY KWA KUTUPA ZAMU MOJA WATU WATATU. TUNAOMBA IWE HIVI KILA JUMAPILI. Na chini yake, jambo ambalo sijaliona katika miaka kumi na minne ya kazi hii, yalikuwapo majina. Matatu.

Gun-Britt alivaa miwani. Akasoma polepole, akarudia.

"Zamu moja," alisema. "Watu watatu."

"Ni shukrani, Gun-Britt. Ulisema malalamiko."

"Nilichosema nakikumbuka."

Akasukuma mlango. Mle ndani walikuwa wameketi juu ya makapu yaliyogeuzwa, wanakula mkate. Marjatta alifuta midomo, na bado ilikuwa na wekundu.

"Uliipenda barua yetu?" Yodit aliuliza. "Conny alituficha kalamu, tukatumia akili."

"Alificha kalamu?"

"Kwa usafi," alisema Lövgren.

Nilikohoa. Gun-Britt aliketi kwenye kiti pekee, akaweka mkoba magotini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alitoa barua iliyopigwa chapa, akainyoosha juu ya mashine ya katikati, ambayo ilikuwa inazunguka, ikawa inatetemeka pamoja nayo.

"Niliiandika Machi, nikaihifadhi," alisema. "Ni ya wale waliotufungia kompyuta. Inasema kifaa chao kimetuangusha mwaka huu, usiku wa kubadili saa. Inaomba watuletee kingine, na fundi aliyekifunga asihusishwe tena na jengo letu wala jingine. Ukiweka sahihi hapa kwamba kosa ni la mashine, Conny, naipeleka kwenye kikao cha bodi kesho. Unabaki na kazi. Unabaki na nyumba."

"Na kama si mashine?" nilimuuliza.

"Kama si mashine, sihitaji sahihi yako."

"Weka sahihi, bwana!" alisema Yodit. "Kwani wewe ndiye uliyetuma meseji tatu?"

"Mashine hizi zina kichaa," alisema Lövgren. "Nimeendesha treni, najua. Sisi ni mashahidi."

Marjatta alitikisa kichwa kukubali. Kisha akanitolea kalamu yangu mwenyewe kutoka mfukoni mwa suruali yangu, maana ncha ilikuwa imechomoza. Akanipa mkononi.

Niliitazama barua. Jina la fundi lilikuwa limeandikwa hapo, Ann-Sofie Dahlin. Huyo ndiye aliyekaa nami chini ya ngazi alasiri mbili nzima, akinywa kahawa yangu mbaya, akinionyesha dakika huja kwanza, saa hufuata, bila kuniuliza hata mara moja niliishia darasa la ngapi. Tena alinionya. Alisema, "Conny, kazi usiziweke kati ya saa nane na saa tisa usiku. Saa hiyo si ya kuaminika." Nilimjibu najua.

Nimedanganya watu wengi katika hadithi hii, na wasomaji mmenivumilia. Nilishusha kalamu hadi ikagusa karatasi. Nikaweka herufi ya kwanza ya jina langu. Mashine iliingia kwenye mzunguko wa kukamua, barua ikaanza kuruka ruka, na C yangu ikawa kama mnyoo.

Nikaivuta kalamu.

"Ni mimi," nilisema.

"Sema kwa sauti, mashine inapiga kelele."

"Ni mimi! Machi ni mimi, na leo ni mimi. Niliweka kazi kwenye saa ambayo haipo, halafu nikaiacha kwenye saa inayokuja mara mbili, na juu yake nikaongeza mstari wa pili wa ujanja. Na sasa hivi, ulipokuwa unavuka ua, nilikwenda kuufuta ili usiuone. Ann-Sofie hana kosa. Mashine haina kosa. Ilifanya nilichoiambia, basi."

Mashine ikasimama. Kila mtu akasikia "basi" yangu ikiwa peke yake.

Lövgren alitazama soksi zake. Yodit alisema, taratibu, "Ala! Conny."

Gun-Britt aliikunja ile barua mara mbili. Aliirudisha mkobani. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, na nilipomtazama niliona kitu usoni pake ambacho sikukitarajia. Ungesema mwanafunzi wake mzito kuliko wote amepata jibu sahihi baada ya miezi saba.

"Conny," alisema, "kuhusu hiyo kazi yako, nilikuwa nimeamua kwamba ukisema kweli..."

Simu ya Yodit ikalia.

Ya Lövgren ikalia. Ya Marjatta ikalia ndani ya kapu, chini ya mashuka. Ndani ya mkoba wa Gun-Britt kitu kikatetemeka, na kutoka juu, kupitia dari, nikasikia jengo zima linalia, ghorofa baada ya ghorofa.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa nne na robo.

Ndipo nilipokumbuka miwani iliyobaki kitandani. Sikuwa nimeufuta mstari. Nilikuwa nimefuta neno moja tu, ile saa tisa. Dakika ya kumi na tano ilibaki. Na Ann-Sofie alinifundisha vizuri: ukiitajia kompyuta dakika bila kuitajia saa, yenyewe huelewa kila saa. Saa nne na robo. Saa tano na robo. Saa sita na robo. Siku nzima, maana leo ndiyo Jumapili yenyewe ya kubadili saa.

Gun-Britt alitoa simu yake, akaishika mbali na macho.

"Nimepewa zamu ya kufua," alisema. "Leo. Saa moja hadi saa tano. Chumba hiki."

Juu yetu mlango ulifunguliwa. Kisha mwingine. Nikasikia makapu yanashuka ngazi.

Gun-Britt alinyanyuka, akasimama mbele yangu, simu mkono mmoja, mkoba mkono wa pili, na ile sentensi aliyokuwa ameianza hakuimalizia.

"Na hii, Conny? Ni mashine, au ni wewe?"